Mtumishi Hafanywi kwa Siku Moja

Somo kwa wazee wa usharika, wainjilisti na walimu. Yasomwe kwanza: Kutoka 18:13-27, Hesabu 27:12-23, Marko 10:35-45.



Kila mwaka katika sharika zetu za Upare, tangu tambarare ya Same hata vijiji vya juu vya Vudee, Mbaga na Gonja, watu huwekwa katika kazi ya Kanisa. Mmoja huchaguliwa kuwa mzee wa usharika, mwingine hutumwa kuwa mwinjilisti wa mtaa, mwingine hubarikiwa kuwa mchungaji. Siku hiyo ni siku ya furaha. Jamaa huja kutoka mbali, mbuzi huchinjwa, na watu humpa mkono mtumishi mpya wakimwombea heri.

Lakini twajua sote ya kuwa wako waliowekewa mikono wakiwa wapole, na baada ya miaka kumi wakawa wakali. Tena wako walioanza kwa kiburi, na katika uzee wao wakawa kimbilio la wanyonge. Kumbe siku ile ya kuwekwa kazini siyo siku ya kumalizika kwa mtumishi. Ni siku moja tu kati ya siku nyingi ambazo Mungu humfinyanga kwazo.

Basi mwezi huu tuulize: Mungu humfanyaje mtu kuwa kiongozi aliye mtumishi, na kwa muda gani? Jibu letu ni kwamba humfanya kwa muda wa maisha yote. Na alama iliyo wazi ya mtu wa namna hiyo ni hii: hutafuta shauri la wale anaowaongoza, na huiweka kazi mikononi mwao angali na nguvu za kuishika mwenyewe.

Tazameni jinsi Marko anavyotuhadithia habari za Yakobo na Yohana. Walipomwomba Bwana viti vya kuume na kushoto, hawakuwa wageni kwake. Walikuwa wamekwisha kuziacha nyavu zao, wameona wagonjwa wakiponywa, wamepanda naye mlimani. Bwana akawaonyesha kwamba watawala wa mataifa huwakandamiza watu wao, bali kwao isiwe hivyo. Aliye mkubwa na awe mtumishi, kama yeye mwenyewe alivyokuja kutumika. Na bado, Luka atuambia katika sura ya 22 kwamba hata usiku wa Chakula cha mwisho waliendelea kushindana ni nani aliye mkubwa. Ikiwa Mitume hawakumaliza somo hilo walipokuwa na Bwana mwenyewe, sisi tusidhani kwamba tumelimaliza chuoni.

1. Miaka ya kufundishwa

Stefano, katika Matendo 7, azigawanya siku za Musa mafungu ya miaka arobaini. Arobaini ya kwanza alikaa katika nyumba ya Farao, akafundishwa hekima yote ya Misri. Alipotoka kuwaokoa ndugu zake, alimpiga mtu akamwua, na kesho yake ndugu zake wenyewe wakamwuliza ni nani aliyemweka kuwa mkuu juu yao. Bidii alikuwa nayo, na elimu alikuwa nayo. Wala nia yake haikuwa mbaya. Ila hakuwa amekaa na watu wale, hawakumjua, naye hakuwajua.

Ndipo Mungu akampeleka Midiani. Huko alichunga kondoo miaka arobaini mingine, na Kutoka 3:1 yatuambia kwamba kundi lile lilikuwa la mkwewe, si lake. Neno hili ni dogo, lakini lina maana kubwa. Anayejifunza kulitunza vema kundi la mtu mwingine, huyo amekwisha kuanza kuelewa kwamba usharika nao si mali yake.

Katika nchi yetu tunao mfano wa jambo hili. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Shigatini, Upare wa Kaskazini, mwaka 1900, na baada ya hapo wakafika Upare wa Kusini. Wenyeji wa kwanza waliobatizwa walifanywa walimu: waliwafundisha watoto kusoma, wakawaandaa watu kwa ubatizo, wakafasiri, wakabeba mizigo. Kisha vita ikaja mwaka 1914, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakaondolewa katika nchi. Makanisa ya Kilimanjaro, Meru na Upare yalibaki na nani? Yalibaki na walimu. Ndio waliokusanya watu siku ya Bwana, wakazika wafu, wakapatanisha waliogombana, mpaka wamisionari wa Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia, na wale wa Leipzig wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Walimu wale walifanya kazi ya mchungaji pasipo jina la mchungaji. Wenyeji wa kwanza wa kaskazini, miongoni mwao Lazarus Laiser wa Arusha, walibarikiwa uchungaji mwaka 1934, yaani miaka 34 baada ya kuanza kwa Shigatini. Hapa yatupasa kusema maneno mawili, wala tusiliache la pili. La kwanza: uvumilivu wa walimu wale ulikuwa shule ya Mungu, nao walitoka humo wakiwa watu waliojua kutumika bila kusifiwa. La pili: hatuwezi kusema kwamba kukawia kule kote kulikuwa kwema. Mtu aliyekwisha kubeba mzigo wa kazi kwa uaminifu, akanyimwa heshima ya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, amedhulumiwa hata kama yeye mwenyewe hanung'uniki. Midiani ni mahali ambapo Mungu humpeleka mtu. Haitupasi sisi kumfungia mwenzetu huko.

Mkumbukeni na Stefano Reuben Moshi. Alizaliwa mwaka 1906 Uchagani, akawa mwalimu kwa miaka mingi, wala hakubarikiwa uchungaji mpaka mwaka 1949, naye amekwisha kuvuka umri wa miaka arobaini. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963, makanisa saba yakiungana, ndiye aliyewekwa kuwa mkuu wake wa kwanza, akalitumikia hata karibu na kufa kwake mwaka 1976. Ukihesabu miaka yake, utaona kwamba ile aliyoketi mbele ya watoto wa shule na kitabu mkononi si michache kuliko ile aliyovaa msalaba wa kiaskofu.

Basi wewe uliye mwinjilisti wa mtaa mdogo, mwenye watu thelathini na kanisa la udongo, usidhani kwamba Mungu amekusahau. Hapo ndipo unapofundishwa.

2. Miaka ya kubeba mzigo

Katika Kutoka 18 twamkuta Musa akiwa kiongozi mwenye nguvu. Aketi tangu asubuhi hata jioni, watu wote wamemzunguka, kila neno laamuliwa na yeye. Kwa macho ya wengi hiyo ndiyo bidii. Lakini Yethro, mzee asiye hata wa taifa lile, aliona hatari mbili: Musa atachoka, na watu nao watachoka. Akampa shauri la kuchagua watu waaminifu, wanaomcha Mungu, wasiopenda rushwa, nao wauchukue mzigo pamoja naye. Na Musa, aliyekuwa amesema na Mungu katika kijiti cha moto, akalisikia neno la mkwewe akalifanya.

Hii ndiyo hatari ya miaka ya katikati. Mtumishi amekwisha kuijua kazi. Ana mazoea, ana jina, na watu humsikiliza. Hapo ni rahisi kuanza kuwaamulia watu badala ya kuamua pamoja nao.

Wazee wetu wa Upare waliliona jambo hili katika utawala wa dunia. Katika miaka ya vita kuu ya pili watawala wa wilaya na wale wa kienyeji walileta kodi iliyoitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa kiasi chake kwa mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakaja Same, penye makao ya wilaya, wakakaa huko siku nyingi. Na baadaye hata wanawake wakaandamana. Hawakuwa watu wasiotaka kulipa kodi kabisa. Walichokikataa ni kukadiriwa: mtu mwingine kuhesabu mbuzi wako na migomba yako na kukuandikia deni, pasipo kuketi nawe. Mwisho wake kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria, aliyaandika mambo hayo ili yasisahauliwe, na yafaa kusomwa na kila mtu anayetunza daftari la michango ya kanisa.

Tutaje na kosa letu wenyewe, maana haifai kufundisha kwa makosa ya watawala wa zamani tu. Mwaka wa pili baada ya kubarikiwa, tulitumwa kuutunza usharika mmoja wa milimani. Kanisa lake lilikuwa likivuja, nasi tulitaka liezekwe upya kabla ya masika. Tukaketi ofisini na mtunza hazina na mzee mmoja, tukagawanya gharama kwa hesabu ya nyumba, kila nyumba kiasi kile kile. Hesabu ilikuwa sawa. Haikukosa hata senti. Jumapili ya nne tukasoma mbele ya watu majina ya waliokwisha kutoa, na halafu majina ya wasiotoa.

Miongoni mwa hao wa mwisho lilikuwamo jina la mama mmoja mjane. Jumapili iliyofuata hakuja. Siku ya Chakula cha Bwana hakuja. Tukasema moyoni kwamba imani yake imepoa.

Usharika ule ulikuwa na mwinjilisti mzee, aliyeutumikia tangu sisi tungali watoto shuleni. Hatukumwita katika shauri lile, kwa kuwa tulimwona kuwa mtu wa desturi za kale, asiyejua mahesabu. Alikuja nyumbani usiku, taa mkononi, akakataa kiti hata tulipomkaribisha mara ya pili. Akasema, "Baba Mchungaji, hesabu yako ni njema. Ila hukuhesabu pamoja nasi." Ndipo akatueleza kwamba mama yule alikuwa ameuza tangawizi yake yote, ikiwa changa bado shambani, apate kumpeleka mjukuu wake hospitali, na kwamba kabla ya hapo hakukosa kutoa hata mwaka mmoja. Neno hilo lilijulikana na kila mtu isipokuwa mchungaji wao.

Kesho yake tulipanda kwake kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa uji, wala hakusema mengi. Hakurudi kanisani upesi. Ilipita miezi mitano. Na paa halikwisha mwaka ule. Lilikwisha mwaka wa tatu, kwa msaragambo, na kwa michango ambayo wazee waliikadiria wakiwa wameketi na watu wao, nyumba kwa nyumba. Twayaandika haya kwa sababu Kutoka 18 tulikuwa tumeisoma chuoni, tena tulikwisha kuihubiri. Kulijua neno ni jambo moja, na kufanywa upya na neno hilo ni jambo jingine.

3. Miaka ya kukabidhi

Wapare wa kale walichimba ndiva katika mabonde ya milima hii, na nyingine zatumika hata leo, kama zile za Bangalala. Wasomaji wa mbali na waelewe kwamba ndiva ni bwawa dogo lenye kingo za udongo na mawe. Maji ya kijito huingia humo usiku kucha, watu wakiwa wamelala. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji huteremka kwa mifereji hata mashamba ya chini, kila mtu kwa zamu yake. Hakuna asifiaye ndiva kwa kukaa na maji yake. Ndiva isiyofunguliwa hufurika, na mwisho hubomoa kingo zake yenyewe. Tena ndiva hujaa tope. Kila msimu watu hawana budi kuingia na majembe kuitoa, maana isiposafishwa itaonekana imejaa, kumbe iliyojaa ni tope.

Ndivyo ilivyo kwa mtumishi wa Mungu. Yale aliyoyapokea katika miaka mingi, elimu na uzoefu na kuaminiwa na watu, aliyapokea ili yateremke kwa wengine. Naye asidhani kwamba umri wenyewe unamtakasa. Musa alikuwa mzee alipoupiga mwamba kwa hasira katika Hesabu 20, akasema na watu kana kwamba maji yale ni yake na ya ndugu yake. Kosa lile halikuwa la ujana, lilikuwa la uzee: kuchoshwa na watu, na kujisahau. Kwa hiyo toba ni kazi ya mchungaji mwenye mvi kama ilivyo ya mwanafunzi wa kipaimara.

Lakini tazameni jinsi neema ilivyomshinda Musa. Katika Hesabu 11, Yoshua alipotaka Eldadi na Medadi wazuiwe wasitabiri kambini, Musa hakuona wivu. Alitamani watu wote wa Bwana wawe manabii. Na katika Hesabu 27, alipoambiwa kwamba atakufa, hakuomba aongezewe siku, wala hakuwataja wanawe. Alimwomba Mungu aweke mtu juu ya mkutano, watu wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Kisha akamsimamisha Yoshua mbele ya kuhani na mbele ya watu wote, akaweka mikono juu yake, akampa sehemu ya heshima yake angali hai.

Angali hai: neno hili tulitie moyoni. Wako wazee wanaosema, "Nitakapokufa mtajua wenyewe." Huko siko kukabidhi, bali ni kuwaachia watu ugomvi. Sharika ngapi zimegawanyika kwa sababu daftari, ufunguo na muhuri vilikaa mkononi mwa mtu mmoja hata siku ya mazishi yake! Paulo, katika 2 Timotheo 2:2, ataja vizazi vinne katika neno moja: yeye mwenyewe, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Dayosisi yetu ya Pare nayo isingalikuwapo kama ndugu zetu wa Kaskazini wasingaliachilia sehemu ya kazi yao mwaka 1975, tukapata kusimama wenyewe na makao yetu hapa Same. Sisi tuliopokea hivyo, twawezaje kukataa kutoa?

Turudi kwa mwinjilisti wetu mzee. Miaka michache baada ya usiku ule wa taa, aliona macho yake yamepungua, wala hakungoja kuambiwa. Alimchukua kijana mmoja. Kwanza alimpa kusoma somo la Jumapili; kisha wakaenda pamoja kwa wagonjwa; kisha kijana akaongoza maziko, mzee akisimama kando. Ilichukua miaka miwili. Siku alipotoa ufunguo wa kanisa mbele ya watu, hapakuwa na mashaka, kwa maana sauti ya kijana walikwisha kuizoea.

Jumapili iliyofuata mzee aliketi benchi la nyuma. Kijana akakosea kutaja wimbo, watu wakageuka kumtazama mzee. Yeye aliinamia kitabu chake, akawa anatafuta ukurasa kama watu wengine. Hakuinuka, wala hakusema neno baada ya ibada. Nasi tuliokuwa madhabahuni tukaona kwamba katika kazi yake yote hatukumwona akitumika vizuri kuliko dakika ile aliyonyamaza.

Neno la mwisho

Basi, ndugu, kila mmoja na ajipime kwa mahali alipo. Uliye mwanzoni, pokea kazi ndogo na mafundisho ya waliokutangulia. Uliye katikati, jihadhari na hesabu ya ofisini. Panda milima ukakae na watu kabla ya kuwaandikia lo lote. Uliye karibu na mwisho, angalia ni nani anayetembea nawe leo kwa wagonjwa. Kama hakuna mtu, anza wiki hii. Nasi wachungaji tusisahau kwamba yuko Mmoja tu aliye Mchungaji Mkuu, kama Petro anavyotukumbusha katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5. Kondoo ni wake, nasi twalichunga kundi la mwingine, kama Musa kule Midiani.

Maswali ya kuongea pamoja

1. Musa alikosa nini alipomwua Mmisri, na ni kwa jinsi gani Midiani ilimfundisha?
2. Katika usharika wetu, yuko nani afanyaye kazi miaka mingi pasipo kutambuliwa? Tumfanyie nini?
3. Michango yetu hukadiriwa na nani? Je, yatupasa kusoma majina ya wasiotoa?
4. Ni kazi gani katika mtaa wetu ijulikanayo na mtu mmoja tu? Nani afundishwe mwaka huu?
5. Mzee aliyekabidhi kazi afanye nini mrithi wake akikosea mbele ya watu?

Sala: Bwana Yesu, uliyejifunga kitambaa ukawaosha wanafunzi wako miguu, utufundishe kutumika tungali vijana, kusikia tukiwa na nguvu, na kuachilia tukiwa wazee. Amina.